Skrubu Nne Zimesimama Wima

3 Machi

Dada,

Usishtuke kupata barua badala ya simu. Kwa simu hunipi nafasi. Nikianza sentensi wewe unaimaliza, tena vibaya. Katibu wa klabu ya shabaha anapita huko kwenu Ijumaa na sanduku la chuma, nimemwomba akuletee bastola ya Baba. Kibali kimo ndani na kimegongwa muhuri, kwa hiyo bosi wako wa karakana asianze maneno yake.

Inakwama. Nikipiga risasi tano, ganda la tatu linabaki limebanwa mlangoni kama mtu mnene, na mchujo wa timu ni tarehe ishirini Aprili. Najua utasema nimeiacha ikaoza. Sema tu. Mimi bado naamini mtutu wa risasi ndogo haufai kuoshwaoshwa, unazoea uchafu wake na ndipo unapiga sawa. Wewe na Baba mmenicheka miaka kumi, lakini medali ziko ukutani kwa nani? Safisha bolti inayorudi nyuma na springi yake, basi. Mshiko na ule uzito wa mbele viache, havina neno.

Baba mzima. Masikio ndiyo hayo hayo, aliyaacha uwanjani miaka yote ile ya kufundisha watu shabaha, ndiyo maana anapenda barua. Akikuandikia kuhusu Sajini mwambie hujui lolote. Yule mbwa ametoroka tangu katikati ya Februari na hatujamwona tena.

Mdogo wako,
Kitinda


9 Machi

Kitinda,

Nimenawa mikono mara nne na bado inanuka. Karatasi hii nimeishika kwa ncha za vidole.

Nilianza kama kawaida. Nikatoa magazini, nikavuta bolti nyuma, nikachungulia chemba ya risasi kuhakikisha ni tupu, nikatandika gazeti. Kisha nikavuta bolti itoke. Haikuteleza, ilinyofoka kama kiatu kutoka kwenye tope. Nikainusa. Kitinda, mafuta ya kukaangia! Umeitia bastola ya shabaha mafuta ya kukaangia! Yameganda, yamekuwa ya njano, yamechanganyika na masizi ya baruti na nta ya risasi hadi yamekuwa uji mweusi. Niliukwangua kwa kijiti huku nimefunga pumzi. Ndani ya springi nikakuta mguu wa mende. Mguu tu. Mwenye mguu sijui aliishia wapi, na sitaki kujua. Chakula cha mchana nilikiacha kwenye kopo lake, mpaka sasa hakijafunguliwa.

Ukaniambia nisiguse mshiko, kwa hiyo ndio niliougusa baada ya hapo. Unanijua. Skrubu nne, na zote mistari yake imesimama wima, sawasawa kama Baba anavyozisimamisha. Nilicheka kwa hasira. Ndani umejaza kinyaa, nje umepiga gwaride, kama mtu aliyefunga tai juu ya shati la kulalia.

Halafu nikafungua uzito wa mbele, kile kipande cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa mtutu ili bastola isiruke. Humo ndani mna nywele. Fupi, ngumu, rangi ya majani makavu, zimegandamana na kitu cheusi. Nikalowesha kitambaa cheupe nikakigusa. Kitambaa kikawa chekundu. Nilikimbilia sinki.

Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, nimeyaona ya kutosha wiki hii. Mdomo wa mtutu ukibanwa kwenye ngozi ukafyatuliwa, moshi unarudi na kile ulichopiga. Kila fundi wa kazi hii anajua. Na nywele za rangi ile nazijua pia, nimezibandua kwenye nguo zangu miaka kumi na tatu.

Baba alitufundisha kabla hatujajua kusoma kwamba bastola ya shabaha haielekezwi kwa chochote chenye pumzi. Alitusimamisha kona siku nzima kwa sababu uliielekeza kwa kuku. Mimi nilisimama kwa kosa la kucheka.

Na mtu asiyeosha bastola miaka kumi, siku moja akaifungua akaitia mafuta, ana lake jambo. Niandikie ukweli. Iko vipande vipande mezani kwangu na sitaifunga mpaka nipate jibu.

Dada yako


2 Januari

Binti yangu,

Salamu nyingi. Hapa ni salama, magoti tu yanasumbua, na ndugu yako anapika chai kama maji ya kuoshea vyombo.

Nakuuliza, Sajini hajafika kwako? Najua ni mbali, lakini yule mbwa ana akili kuliko huyu ninayeishi naye. Leo nimezunguka kutoka duka la dawa mpaka kwa jirani mshonaji, nikipiga mluzi. Mshonaji ananitazama kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa na mtu aliyenibana suruali mpaka nikashindwa kuinama.

Bakuli lake nimeliweka nje na maji nabadilisha kila asubuhi. Jana nilikuta inzi wameelea wengi, nikawamwaga. Nilikuwa nawaza kile kidonda chake cha mgongoni. Kisipooshwa kwa maji ya chumvi kinatoa funza, nimewatoa mimi mwenyewe kwa kibanio, mmoja mmoja. Huko aliko nani anamtoa?

Ukimwona mfunge kamba, kisha unijulishe.

Sajini hajafika kwako?

Baba yako


16 Machi

Dada,

Hizo ni nywele za kitambaa. Nilifutia kitambaa cha zamani alichokuwa akilalia Sajini. Safisha, funga, nirudishie. Siku zinakwenda.

Nimeandika hayo juu, nikayasoma, nikaona hutayameza. Haya. Ni mimi. Alikuwa anaoza akiwa hai, nyumba nzima ilikuwa inanuka, na sikuwa na moyo wa kumbeba mpaka kwa daktari wa mifugo. Basi. Umeridhika?

Nitukane unavyotaka, nitakaa kimya. Ila Baba usimwambie. Nakuomba kwa jina la Mama, na unajua Mama simtaji ovyo. Mwache aamini ametoroka.

Kitinda


20 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeipata. Umeiandikia tarehe ya Januari, nadhani ulikuwa na haraka.

Nimekaa nayo siku tatu. Nimeombwa nikudanganye na nimeshindwa. Kila nikikufikiria unapiga mluzi mtaani huku majirani wanakutazama, nyongo inanipanda. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mtu akikosea shabaha aseme amekosea, asisogeze karatasi.

Sajini hajatoroka, Baba. Kitinda amempiga risasi kwa bastola yako. Nimekuta nywele na damu ndani ya uzito wa mbele, na mwenyewe amekiri kwa maandishi. Sababu yake ni harufu. Harufu! Mbwa aliyemlinda tangu akiwa mwanafunzi wa kaptula, amemuua kwa sababu ananuka, kisha anakaa na wewe meza moja anakutazama ukibadilisha maji ya bakuli.

Sijawahi kumwonea mtu kinyaa hivi. Afadhali angekuwa mtu baki. Bastola hairudi kwake, na mchujo atapiga kwa manati akitaka.

Nisamehe kwa habari hii. Usimtafute tena Sajini.

Binti yako


Machi, tarehe utajaza mwenyewe

Binti yangu,

Nimekusoma mara tatu. Nikamwita, nikamsomea barua yako. Hakubisha. Alisimama tu pale jikoni kama mtu anayesubiri basi. Nikamwambia chukua nguo zako, uondoke. Nilikuwa na kikombe mkononi nikakitupa, kimevunjika, sijaokota vigae na sitaokota.

Nimemlea mwenyewe tangu mama yenu alipofariki, nimemfulia, nimemkalisha begani aone shabaha. Sasa nikipita mlango wa chumba chake natema mate. Mtu wa kumfanyia hivyo Sajini! Yule mbwa hakukimbia. Ya kwanza haikutosha, risasi yenyewe ndogo, akanyanyua kichwa akamwangalia tu. Hakubweka hata. Ikabidi ya pili. Mtu anawezaje kutazamwa vile halafu akanawa mikono akala?

Nyumba kimya sasa. Ni vizuri. Nimepika chai vikombe viwili, cha pili nimemwaga.

Umefanya vyema kuniambia. Wewe ndiye uliyebaki mtu katika watoto wangu.

Baba yako


2 Aprili

Kitinda,

Barua hii nampa katibu akukabidhi mkononi, maana sijui unalala wapi.

Ningependa kuendelea kukutukana, ningekuwa na amani zaidi. Lakini Baba ameniandikia kwamba risasi zilikuwa mbili. Ameandika kwamba Sajini alinyanyua kichwa. Mimi hayo sikumwandikia kwa sababu siyajui. Na wewe, nakujua, usingemsimulia.

Jana nilirudi mezani. Vipande viko pale pale, na skrubu nne nimezipanga kwenye kifuniko cha chupa. Miaka kumi unaleta bastola hii kwangu, na miaka kumi naikuta skrubu zimetazama kila upande, moja kaskazini nyingine kwa jirani. Nilikuwa nakutania kwa hilo. Hujawahi kuzisimamisha hata siku moja. Hujui hata kwa nini zinasimamishwa: ni ili ikilegea moja ujue kwa jicho, bila kuigusa. Alinieleza mimi, wewe ulikuwa umeshakimbilia mpira.

Niliona, nikaandika kabisa kwamba nimeona, halafu nikakucheka. Kazi yangu ni kutambua mkono wa aliyefungua chuma. Nimeula mshahara wake miaka kumi na tano.

Nani alifunga skrubu hizi, Kitinda?

Dada


6 Aprili

Dada,

Nalala klabuni, kwenye stoo ya mbao za shabaha. Panya wanapita juu ya miguu, lakini salamu hawanipi, kwa hiyo tunaelewana.

Ni Baba.

Ile Februari nilikuwa kazini. Ufunguo wa kabati la bastola nilikuwa nauficha ndani ya kiatu cha Mama, kwenye boksi. Sijui aliupataje. Siku zingine hajui chumba cha kulala kiko wapi, siku zingine ana akili kunishinda. Usiniulize kwa nini sikukuambia, nitakuambia hapa chini.

Sajini alikuwa ameoza mgongo, Dada. Mkono mzima ungeingia. Funza walikuwa wanadondoka sakafuni, nawafagia asubuhi na jioni, na Baba anakaa naye chini anawatoa kwa kibanio huku analia. Daktari wa mifugo tulimwita, akasema alete sindano Jumatatu. Baba hakungoja Jumatatu, au alisahau kama kuna Jumatatu.

Nilirudi saa kumi. Sajini alikuwa uani amefunikwa kwa koti zuri la Baba, lile la sherehe. Baba alikuwa meza ya jikoni, amenyoa, amevaa shati safi, anamalizia skrubu ya nne. Chupa ya mafuta ya kukaangia iko wazi mbele yake. Mafuta ya bastola yalikuwa pale pale, chupa zinafanana urefu. Vidole vyake havikukosea kitu, Dada. Vilifungua na kufunga kama zamani, mafuta tu ndiyo hakuyatambua. Akaniangalia akasema, "Usimwambie dada yako. Yeye nilimfundisha vizuri." Nikamwahidi. Nikaenda kuzika. Niliporudi ananiuliza, "Sajini yuko wapi? Nimemwita hajaja."

Nikamwambia ukweli. Alilia mpaka nikadhani atakufa. Kesho yake akauliza tena, nikamwambia tena, akalia vile vile, upya. Siku ya tatu alipofungua mdomo kuuliza, nikaona mimi ndiye ninayemuua yule mbwa kila asubuhi. Nikasema ametoroka. Akasema, "Ah, atarudi." Akanywa chai.

Ile barua yako alinisomea kwa sauti. Ningesema nini? Si mimi, ni wewe? Alikuwa amenyanyuka wima, Dada, sijamwona wima hivyo mwaka mzima. Nikachukua nguo.

Mshonaji anampelekea chakula na kumchungulia. Juzi amemkuta ametembea juu ya vigae vya kikombe, peku, sakafu nzima damu, naye hajui imetoka wapi. Mlango wa jiko hamfungulii mtu mwingine. Nimekwenda mara mbili, ananiita mwuaji kupitia dirishani, na mara ya pili alinirushia maji ya vyombo. Majirani wanatoka kutazama. Anasema barua ya binti yake anayo mfukoni.

Anayo kweli. Kila akisahau anaisoma.

Bastola kaa nayo. Mchujo nimejitoa. Nikifikiria kuishika nasikia harufu ya kukaanga.

Kitinda


5 Machi

Binti yangu,

Hivi ndugu yako yuko kwako? Chumba chake kiko wazi na nguo hazimo. Hakuniaga. Nimetaka kumwandalia chai, kikombe kimoja sikipati.

Nimekuta karatasi mfukoni, mwandiko wako, mambo ya kuchukiza kuhusu Kitinda na mbwa. Nikiisoma napandwa na hasira. Nikiiweka chini, baada ya muda simkumbuki ninayemkasirikia, ila hasira bado ipo, inanikaa kifuani kama chakula kilichochacha. Ni wewe kweli uliyeandika?

Miguu inauma, imefungwa vitambaa.

Sajini hajafika kwako?

Baba yako


11 Aprili

Kitinda,

Nimeitapika ile barua yangu kama mara mia, lakini iko mfukoni mwa Baba na siwezi kuimeza tena kutoka huku. Niliona kinyaa kwa mguu wa mende, nikaona kinyaa kwako, na muda wote kilichokuwa kinanuka ni mwandiko wangu. Sina neno la kukuomba msamaha ambalo halinichefui mwenyewe. Nitakuomba uso kwa uso, Jumamosi, nimeshachukua likizo. Nitakaa mwezi, na baada ya mwezi tutaongea ni nani anahamia wapi.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine. Mpe mshonaji. Baba akilala mchana, atoe ile ya zamani mfukoni aichome, aweke hii. Usiiguse wewe, akikukuta nayo itaharibika dawa. Nimeiandika kwa herufi kubwa, kwa mkono ule ule, na tarehe ni ile ile. Mimi niliyekuhubiria kuhusu kusogeza karatasi ya shabaha.

Bastola nimeisafisha. Nimeichemshia bolti maji ya sabuni, nimeipiga burashi mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nimetia mafuta yake halali. Zile nywele sikutupa. Nimezifunga kwenye karatasi, tutazifukia pale ulipomzika. Skrubu nimezirudisha wima.

Dada yako


20 Machi

Shikamoo Baba,

Sajini yuko kwangu.

Mimi ndiye niliyemchukua, bila kukuaga. Nilikuja ukiwa umelala nikamwondoa, kwa sababu kidonda chake kilihitaji daktari wa huku. Nilikosa adabu. Kama una hasira na hujui ni ya nani, ni yangu. Nitukane mimi, Baba, nitakuja Jumamosi unitukane vizuri.

Kitinda hakufanya kosa lolote. Alikuwa hajui. Akibisha hodi mfungulie, na chai yake uivumilie.

Daktari amemwosha Sajini mgongo kwa maji ya chumvi kama ulivyosema. Hakuna hata funza mmoja. Amekula, sasa amelala miguuni kwangu ninapoandika, na nywele zake zimejaa kwenye sketi.

Kesho ukiuliza tena, soma hapa.

Binti yako